Kozi yangu ya uraia ilivyofunga njia ya chemchemi kule Kimuli

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, tunaolingana habari za mihangaiko.

Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijakitia chumvi. Majina ya watu nimeyabadili, maana wengine bado wapo hai na watoto wao wana simu nzuri kuliko yangu.

Kilichonisukuma kuandika ni uzi wa kijana mmoja humu anayetengeneza kozi ya mtandaoni ya kufundisha uraia. Anataka iwe interactive. Mwanafunzi asiwe anasikiliza tu, awe anachagua jibu, na jibu lake ndilo limpeleke kwenye somo linalofuata. Wadau wamemshauri vizuri kuhusu app na bando.

Mimi nilikaa kimya, kwa sababu kozi ya namna hiyo niliwahi kuitengeneza. Wakati huo kompyuta nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, kwenye meza ya mtu, imefunikwa kitambaa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Vyama vingi vimeshaingia na kila mtu anasema wananchi waelimishwe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kijana wa Bukoba mjini, suruali ina mstari wa pasi, nikapata kazi kwenye kamradi kadogo ka elimu ya uraia. Ofisi ilikuwa Kayanga, Karagwe. Kimuli siku hizi ni Kyerwa, lakini wakati huo Kyerwa yote ilikuwa ndani ya Karagwe, kwa hiyo wajuzi wa mipaka naomba mnihurumie.

Bosi wangu alikuwa mama mmoja mwenyeji wa Muleba, mwalimu mstaafu. Tumwite Mwalimu Leokadia. Aliniajiri kwa majaribio, akanipa kazi moja: tengeneza masomo yatakayofika vijijini bila yeye kupanda gari kila wiki.

Mtu mwingine angeandika vijitabu akalala.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikienda kununua viatu nawaza vitanibana, kisha nawaza vitanipwaya, mwisho natoka dukani na soksi.

Nikawaza: vijitabu, wasiojua kusoma je? Mikutano, wanawake watasema? Redio, watauliza swali saa ngapi na nani atawajibu? Baada ya kukosa usingizi vya kutosha nikapata jibu. Kaseti.

Nilirekodi masomo kwa sauti yangu mwenyewe, vikundi vya vijijini viyasikilize kwenye redio ya kaseti. Kuanzia somo la tatu, katikati ya kila somo kulikuwa na swali, na baada ya swali sauti yangu inasema: zimeni redio, jadilianeni, pigeni kura. Mkiamua ndiyo, endeleeni kusikiliza upande huu. Mkiamua hapana, geuzeni kaseti.

Kila upande ulikuwa na mwendelezo wake. Wakuu, niliona nimegundua kitu ambacho hata Ulaya hawana.

Salamu peke yake ilinisumbua sana. Kaseti iseme shikamoo au habari? Ikisema habari, wazee wataona kijana hana adabu. Ikisema shikamoo, watoto wataitikia. Mwisho nikasema, "Wazee shikamooni." Siku ya kwanza pale Kimuli wazee wote waliitikia marahaba kwa pamoja, wakiitazama redio kwa heshima. Nusura nilie kwa furaha.

Sasa tufike kwenye kura, maana ndipo nilipojimaliza.

Kunyoosha mikono nilikataa. Niliona mzee mmoja akinyoosha, wote wananyoosha. Karatasi nilikataa, si wote wanaoandika. Maharage na mahindi niliyafikiria sana, kisha nikawaza itakuwaje msimu wa njaa mtu akiona chakula kinatumbukizwa kwenye chungu. Vitambaa vya rangi je? Kila rangi ilikuwa imeshachukuliwa na chama fulani, ningeonekana natumwa.

Ndipo nikaiona kahawa. Ilikuwa msimu wa mavuno, kila kibanja, yaani shamba la nyumbani, kina mibuni, na kila mbuni una matunda mekundu yaliyoiva na ya kijani yasiyoiva. Mbivu iwe ndiyo, mbichi iwe hapana. Kila mwanakikundi aje na moja moja kutoka nyumbani, aifiche kiganjani, atumbukize anayoitaka kwenye chungu kilichofunikwa. Siri tupu, gharama hakuna, na vifaa vyote ni vya hapohapo kijijini. Ile sentensi ya vifaa vya hapohapo niliiandika kwenye ripoti nikaipigia mstari.

Mahali pa kukutania nilichagua mwenyewe pia. Barza ya ghala la kununulia kahawa. Lilikuwa na kivuli na mabenchi, na karani wa kahawa alikuwepo muda wote pembeni ya mizani yake, kwa hiyo redio haingeibiwa.

Naona wakulima wa kahawa humu mmeshaanza kucheka. Nisubirini.

Somo la kwanza lilikuwa haki na wajibu, likapita. Somo la pili lilikuwa sheria ndogo za kijiji. Nikatafuta mfano ambao kila mtu anaujua, nikauweka kwa sauti nzito: ni marufuku kuchuma kahawa mbichi, na atakayekutwa nayo atapelekwa kwenye serikali ya kijiji. Watu walitikisa vichwa. Karani wa kahawa alitikisa zaidi.

Mwisho wa somo hilohilo la pili, sauti yangu ileile ikatangaza: wiki ijayo kila mmoja aje na kahawa moja mbivu na moja mbichi.

Wakuu, nilikuwa nimewaza habari ya shikamoo kwa juma zima. Hili halikunipitia kichwani hata kidogo.

Somo la tatu lilikuwa maamuzi ya pamoja. Mwanzoni niliandika juu ya kijiji cha kubuni, kisha nikaogopa watu watatafuta mwenyekiti wa kubuni ni nani kati yao. Nikaona heri nitumie jambo la kweli, ila dogo. Jambo lenyewe lilikuwa njia ya chemchemi.

Njia hiyo ilipita katikati ya kibanja cha Mzee Kamugisha, mfanyabiashara mwenye asili ya Bukoba kama mimi, migomba mizuri, kahawa nyingi, na mkarimu wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alikuwa na lalamiko lake la siku zote, kwamba ndama wa watu wanapita pale na kukanyaga migomba michanga. Alilisema kila alipokunywa, na hakuna aliyelichukulia kwa uzito, hata yeye.

Upande wa pili wa kibanja chake aliishi Mama Odeta. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa hapohapo. Alikuwa kibarua wa kulima na kuchuma kwenye mashamba ya watu, na nyumbani alikuwa na mama yake mzee aliyelala kitandani, wa kuoshwa na kunyweshwa. Chemchemi kwake ilikuwa pua na mdomo, mradi apite kwa Mzee Kamugisha. Akinyimwa njia, inabidi azunguke kilima chote.

Swali langu: je, mwenye kibanja afunge njia inayopita kwake? Nilitegemea wagombane kidogo, wabishane vizuri, kisha waseme hapana na kugeuza kaseti. Upande wa pili nilikuwa nimeupamba sana.

Siku ya kura nilikuwepo. Nilikwenda kwa pikipiki ya mradi, chombo nilichokiogopa kiasi kwamba kwenye mteremko nilikuwa nashuka na kukikokota.

Nikaona jambo la kupendeza. Mzee Kamugisha alikuja na kikapu cha kahawa mbivu kutoka kwake, akawa anawagawia wale wasio na mibuni, Mama Odeta akiwemo, ili na wao wasikose cha kupigia kura. Nikaandika: ushirikiano wa jamii ni wa hali ya juu.

Watu wakapita kwenye chungu mmoja mmoja. Nikakifunua mbele yao.

Nyekundu tupu. Hakuna ya kijani hata moja.

Nilishtuka kidogo, nikajitafutia maelezo kama kawaida yangu. Nikasema hawa watu wanaheshimu mali ya mtu kuliko nilivyodhani. Kisha redio ikawashwa, na sauti yangu, ambayo niliirekodi Kayanga nikiwa nimekunywa chai ya maziwa, ikasema: hongereni, uamuzi umepatikana, na sasa ni wajibu wa kila mmoja kuutekeleza bila kuchelewa.

Watu wakatawanyika bila maneno mengi. Mimi nikaona huo ni ukomavu wa kisiasa.

Niliporudi safari iliyofuata nikakuta barza imepoa. Mzee Kamugisha kakaa benchi moja peke yake, wengine wamebanana benchi la pili kama kuku wa mvua. Mama Odeta hayupo. Nikauliza, karani wa kahawa akanijibu huku akiifuta mizani, kwamba njia imefungwa kwa miti na miiba, kama kozi ilivyoagiza.

Kama kozi ilivyoagiza. Maneno hayo nimeyalalia miaka mingi.

Nilitoka kumtafuta Mama Odeta, nikakutana naye nyuma ya kilima, dumu kichwani, kanga imelowa mgongoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwalimu bila kusimama. Ikabidi nimfuate nyuma nikiongea na visigino vyake.

Nikaanza na maneno ya kuzunguka, ushiriki wa wananchi na kadhalika. Mwisho nikauliza swali lenyewe: kwa nini alikubali njia yake mwenyewe ifungwe?

"Ulitaka niweke nini?"

Nikamwambia ile mbichi.

Hapo akasimama. Alishusha dumu polepole, akanitazama kama mtu anayeangalia kama mtoto ana homa.

"Mbichi niitoe wapi, mwalimu? Mimi sina mbuni hata mmoja. Nitembee barabarani na kahawa mbichi mkononi, wakati huu wa mavuno, niende nayo mpaka kwenye ghala, karani ananitazama. Nikiulizwa nimeichuma kwa nani niseme redio imeniambia?"

Nikasema, lakini wenye mashamba je?

"Wenye mashamba ndio kabisa. Wewe si ndiye uliyetusomea sheria, kisha ukasema tuje nayo? Tukasema huyu kijana anatupima, anataka kumjua mwenye mkono mrefu. Basi tumekuja na mbivu." Akajitwika dumu lake. "Wote tumefaulu."

Nilibaki nimesimama pale mpaka akapotea kwenye migomba.

Niliporudi Kayanga nilifanya ninachokiweza, yaani niliwaza. Niliandaa mpango wa kurudia kura kwa mbegu za maboga. Nikaandika maelezo marefu yanayotofautisha uamuzi wa mazoezi na uamuzi halali wa kijiji, yenye vipengele na vipengele vidogo. Nikampelekea Mwalimu Leokadia. Nilijua majaribio yangu ya kazi yameishia kwenye ile miiba.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

Akaniuliza yule mama sasa hivi anapata wapi maji. Nikamweleza. Akaniuliza mpango wangu utachukua muda gani. Nikaanza kumweleza awamu.

"Nenda kawaambie umekosea," akasema. "Ukishasema, ukae. Usiongeze."

Nilikwenda. Safari hii hata kwenye mteremko sikuikokota pikipiki, nilikuwa naogopa kitu kikubwa kuliko pikipiki.

Barza ilijaa, kwa sababu habari za mwalimu kuja kukiri zilikuwa zimetangulia. Mama Odeta alikuwa kakaa chini kwenye jamvi, karibu na ukuta. Nikasimama. Nilitakiwa kusema maneno mawili. Badala yake nikajisikia nasema kwamba katika mchakato shirikishi kuna tofauti ya msingi kati ya.

Mzee Kamugisha akanikata.

"Kijana, unataka kusema kura ile ilikuwa ya kujifunzia tu?"

Nikasema ndiyo, mzee. Na kwamba niliiandaa vibaya. Na kwamba wengi walikuwa hawana namna ya kusema hapana.

Akageuka kuwatazama wenzake wa benchi la pili, na nikaona kitu ambacho katika kuwaza kwangu kote sikukiona. Yule mzee alikuwa ameumia.

"Mimi nimefunga kwa sababu mmeniambia nifunge," akawaambia. "Wote, hata mmoja hakukataa. Nikasema kumbe hawa watu wanaona migomba yangu inavyoteseka. Nimekamua ndizi, nimewaiteni, hakuna aliyekuja. Rubisi imechachuka naitazama. Mnaniamuru wenyewe halafu mnaninunia wenyewe?"

Watu wazima walikuwa wanaangalia vidole vya miguu yao.

Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa, wakuu. Wao walidhani mzee kaiba njia kwa msaada wa redio yangu. Mzee alidhani kijiji kimempa njia, na baada ya sifa zile za kwenye kaseti aliona aibu kukataa. Kila mmoja alikuwa anatii uamuzi ambao hakuna mtu aliyeufanya.

Nikafungua mdomo niyaeleze hayo kwa mtiririko. Mama Odeta akaniwahi.

Katika masomo yote hakuwahi kusema neno. Ndiye mtu niliyemfikiria nilipokuwa nabuni ile siri ya chungu, nikijiambia maskini, wa namna hii hawezi kusimama mbele za watu. Akasimama.

"Mwalimu, kaa," akaniambia kwanza. Nikakaa.

Akamgeukia mzee. "Mzee wangu, mimi sikukuamuru kitu. Nilitumbukiza kahawa uliyonigawia wewe mwenyewe. Sasa nakuuliza hapa, kila mtu anasikia. Funga njia, kibanja ni chako. Ila niambie, mama yangu nimnyweshe nini?"

Mzee alijaribu kuleta habari ya ndama wanaokanyaga migomba. Mama Odeta akasema ndama si wake, yeye angekuwa na ndama angekunywa maziwa wala wasingeongea habari ya maji. Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimpitia hata mzee mwenyewe, akakizuia kikashindikana.

Akasema njia ifunguliwe leo hii. Ila ipite pembeni, kwenye mpaka, na wenye ndama waje wapande ua wao wenyewe wa kulinda migomba. Wenye ndama wakatajwa kwa majina mmoja mmoja, kila mmoja akaitikia, na wawili waliojificha nyuma ya mizani wakatolewa.

Hapakuwa na kura. Hakuna aliyekumbuka chungu. Jambo nililolitengenezea mwongozo wa kurasa na kurasa lilimalizika kabla jua halijasogea kwenye barza.

Nikadhani na mimi nimesamehewa. Nikaanza kukusanya kaseti zangu. Upande wa pili wa ile ya somo la tatu, nilioupamba sana, hakuna aliyewahi kuusikia mpaka leo.

Karani wa kahawa akauliza mwalimu faini yake ni ipi.

Wakataja rubisi, wakataja mbuzi, nikawa nawaza mshahara wenyewe wa majaribio. Mama Odeta akasema hapana. Yeye anataka dumu moja la maji. Lichotwe na mwalimu, lipite njia ya nyuma ya kilima, wakati wenzake wanafungua ile nyingine.

Wakuu, sikuwahi kubeba maji kichwani tangu nizaliwe. Niliwaza njia nzuri ya kulibeba: begani, mkononi, mgongoni. Nilijaribu zote, kila moja kwa muda mfupi. Ule mstari wa pasi uliishia kwenye tope la kwanza. Wanawake waliokuwa wakilima juu ya kilima waliacha majembe wakakaa kitako kabisa kuniangalia. Mmoja aliniuliza kama redio yangu inaweza kunibebea. Nilipumzika mara nyingi kiasi kwamba mbuzi wa watu walinizoea.

Nilipofika nilikuwa nimelowa upande mmoja mzima. Mama Odeta alikuwa ameshafika zamani kwa njia ya mkato na anamenya ndizi mlangoni. Ndani nilimsikia mama yake akikohoa na kuuliza kitu kwa Kirundi.

Akapokea dumu, akalitikisa kusikia kilichobaki. Akaingia nalo ndani. Alipotoka alikuwa na kikombe cha maji, akanipa, akanisubiri ninywe.

"Haya, na mimi nina swali la kozi," akasema. "Njia ya chemchemi ifungwe?"

Nikasema hapana hata hajamaliza.

Ni jibu pekee katika kozi ile nzima ambalo mimi mwenyewe nililitoa bila kuwaza.

Kazi sikufukuzwa. Mwalimu Leokadia aliniamuru nifute kila mahali kwenye kaseti niliposema hongereni, na baada ya hapo masomo yakawa mafupi na mazuri zaidi. Aliniongezea muda wa majaribio, na nadhani alisahau kuumaliza.

Nilichojifunza nakisema kwa yule kijana wa kozi ya mtandaoni, na kwa wengine wenye kazi kama yake. Kabla hujamwekea mtu hapana ya kubonyeza, kaa upande wake uangalie ataitoa wapi na nani atakuwa anamtazama akiitoa. Mimi niliwapa watu haki ya kukataa ambayo kuishika mkononi ni kosa, kisha nikawapongeza kwa kukubaliana. Na wale tunaodhani hawawezi kuongea, tujiulize kwanza kama tumewahi kukaa chini wakaongea.

Huenda nimekosea pia kwenye kusimulia, hilo nalo nimeliwaza sana kabla ya kubonyeza kutuma.

Waliowahi kwenda kufundisha wakarudi wamefundishwa, mwageni yenu hapo chini tusomane. Na ninyi wa Kimuli, mkiitambua ile chemchemi, naomba msinitaje jina. Mkitaka kunicheka, chekeni humuhumu, nipo nasoma.